Asilimia Themanini ya Nini? Mwalimu Scolastika Ndaki na Barua za Ufadhili

Jumanne ya tarehe 10 Februari 2026 Mwalimu Scolastika Ndaki anatimiza miaka sitini, na siku hiyohiyo anahitimisha utumishi wa miaka thelathini na saba na miezi saba katika shule za msingi za serikali. Alizaliwa Ushirombo siku ya Mtakatifu Scolastika, kwa hiyo padre hakupata kazi ya kumtafutia jina. Tangu hapo maisha yake yamekwenda kwa mpango, isipokuwa pale wazazi walipomletea barua zisizosomeka.

Mimi niandikaye haya, Mwalimu Fredy, nimekaa naye ofisi moja kwa miaka kumi na mmoja, meza yangu ikitazamana na yake. Kamati ya sherehe ilinipa ukurasa mmoja wa ratiba hii. Niliomba zaidi. Wakaniambia nifupishe. Nimejaribu.

Aliajiriwa Julai 1988, akapangiwa shule ya jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, Msumbwa aliyedhani Kisukuma atakimudu kwa wiki mbili. Kilimchukua miaka miwili, na wanafunzi wake walifurahia kila siku ya miaka hiyo. Wanaomkumbuka wanasimulia habari ya king'ora cha mgodi. Kilipolia mchana, darasa zima lilikuwa likifunga madaftari na kushika mifuko, mwalimu awe amemaliza au hajamaliza. Mwalimu Scolastika hakugombana na king'ora. Alianza kutoa jaribio la hesabu la maswali matano kila kilipolia, na zawadi ya kalamu kwa atakayepata yote. Baada ya mwezi mmoja watoto walikuwa wakikisubiri kwa hamu, na wa madarasa mengine wakawa wanachungulia dirishani.

Mwaka 1996 alihamia Nkome, kando ya ziwa. Huko alifundisha sehemu kwa mafungu ya dagaa, maana watoto wengi waliamka kuanika dagaa kabla ya kuja shule na hakuna aliyehitaji kuelezwa robo fungu ni nini. Mkaguzi mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba darasa linanuka lakini linaelewa.

Nkome ndiko lilikotokea jambo lililomfanya awe huyu tunayemuaga leo, na si jambo la kufurahisha. Ameniruhusu nilisimulie.

Mwaka 2001 alikuwa na mwanafunzi aitwaye Raphael, mtoto wa Mzee Wiliam, fundi wa mitumbwi pale mwaloni, ufukweni inapotia nanga. Raphael alifanya usaili wa shule moja ya binafsi ya bweni, mbali na kwao, akafaulu vizuri sana. Barua ikaja: amepewa ufadhili wa nusu ada. Mzee Wiliam hakujua kusoma. Aliipeleka barua kwa Mwalimu na kuuliza swali moja tu.

"Niweke dole?"

"Weka, mzee," Mwalimu akamjibu kwa furaha, na akamwonyesha mahali.

Ukurasa wa pili, chini kabisa, palikuwa na sentensi iliyosema kwamba nusu ile ni ya mwaka wa kwanza pekee. Hakuna kati yao aliyefika huko. Raphael alirudi Nkome mwezi wa tatu wa kidato cha pili, amekaa juu ya godoro lake nyuma ya lori la dagaa. Mzee Wiliam hakulaumu mtu. Alimpelekea Mwalimu samaki, sato mkubwa, na kumshukuru kwa kumjali mtoto.

"Angenitukana, ningepata usingizi," Mwalimu aliniambia siku moja. "Yule sato ndiye aliyeninyima."

Raphael akawa fundi wa mitumbwi kama baba yake, na ni fundi hodari. Lakini maabara aliyoionja kwa mwaka mmoja hakuiona tena. Mwalimu Scolastika alianza kusoma barua za shule kama wakili: mpaka ukurasa wa mwisho, mpaka maandishi madogo, na kisha anarudia.

Mwaka 2004 alikuja kwetu, Shule ya Msingi Mwangaza, hapa Buseresere. Aliripoti akiwa Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Leo anastaafu akiwa Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita, na kiti chake hakijasogea hata hatua moja. Serikali ndiyo iliyohama. Alifundisha Hisabati Darasa la Saba kwa miaka yote hiyo, na kila Jumamosi ya Novemba na Desemba alifungua darasa la 7B kwa mzazi yeyote mwenye barua ya shule ya bweni mkononi.

Watu wengi hudhani ugumu wa shule hizo uko kwenye usaili. Mtoto akishafaulu, na barua ikishasema "ufadhili", familia huanza kushangilia. Mwalimu Scolastika alijua kwamba kazi inaanzia hapo. Nitasimulia kisa kimoja tu kati ya vingi, kwa sababu nilikiona mwenyewe kutoka kwenye meza yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2017. Vaileth Paschal alikuwa ameongoza Darasa la Saba. Baba yake, Paschal, alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu katika duara moja upande wa Geita, shimo la watu kumi na wawili wanaogawana kinachopatikana. Mama yake, Monika, alikuwa na cherehani pale sokoni. Vaileth alikuwa amefanya usaili wa shule mbili za bweni na zote mbili zikamwita. Jumamosi hiyo wazazi wote wawili walikuja 7B na bahasha zao. Nami nilikuwa pale nikisahihisha madaftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Baba Vaileth. Mama Vaileth, karibu. Kaeni."

Paschal hakukaa. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani.

"Mwalimu, tumekuja kwa heshima tu, uamuzi tumeshaufanya. Hii shule yenye vigae vyekundu imetoa asilimia themanini. Hii ya masista imetoa arobaini. Hata mtoto wa chekechea anajua ipi kubwa."

"Themanini ya nini?" Mwalimu akauliza.

"Asilimia themanini."

"Nimesikia, baba. Ya nini?"

Paschal alimtazama mkewe. Monika akaifungua barua na kusoma taratibu, kidole kikifuata mstari. "Ya ada, Mwalimu. Imeandikwa, ufadhili wa ada ya masomo."

"Ada ya masomo. Na chakula? Na kitanda?"

Monika akageuza ukurasa, halafu mwingine. Barua ilikuwa na kurasa sita. Mwalimu alimpa chaki na kumwambia asogee ubaoni, aandike kila kitu ambacho shule ile inadai, popote kilipoandikwa. Anayeshika tepu ya kupimia kila siku hakosei hesabu, na Monika hakukosea. Chakula na malazi vilikuwa ukurasa wa tatu, bila punguzo lolote. Mchango wa maendeleo, bima na masomo ya jioni vilikuwa ukurasa wa nne. Sare, ambazo lazima zinunuliwe dukani kwao, zilikuwa ukurasa wa sita. Alipojumlisha, shule ya vigae ilitaka milioni moja laki sita na themanini elfu kwa mwaka. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa shule ya masista. Wao walikuwa wamekata asilimia arobaini kwenye kila kitu, chakula na kitanda vikiwemo, na sare mzazi aliruhusiwa kushona mwenyewe. Jumla yao ilikuwa milioni moja na elfu ishirini.

Paschal alikaa.

"Kwa hiyo themanini ndiyo ghali?"

"Kwa mwaka huu. Mwaka wa pili hatujui. Hawakuandika."

Mwalimu akachukua simu na kupigia namba iliyokuwa chini ya barua ya shule ya vigae, akaiweka sauti ya nje. Mhasibu wa shule ile alipokea, mtu mwenye adabu kabisa.

"Ufadhili unaangaliwa upya kila mwaka, mama. Kulingana na uwezo."

"Uwezo wa mtoto darasani au uwezo wa shule?"

"Uwezo wa shule, mama. Na nawakumbusha, nafasi inathibitishwa kwa laki mbili, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Hairudishwi."

Mwalimu alimshukuru na kukata simu. Nilimwona akirudi ubaoni na kufuata tarakimu kwa kidole. Mimi wakati huo sikujua habari za Raphael, nikadhani anahakiki jumla.

Kisha akasema, "Sasa, hata hii ya masista bado ni kubwa. Lakini masista wana kamati ya ufadhili, na barua yao inasema mzazi anaweza kuomba ifikiriwe upya. Watu hawaombi kwa sababu wanaona aibu. Barua ya ufadhili si hukumu ya mahakama. Unaijibu, kwa heshima na kwa ukweli. Niambieni, mnaweza kulipa kiasi gani kwa mwaka?"

"Milioni tutapata," Paschal alisema haraka.

Monika aliangalia sakafu.

"Baba Vaileth," Mwalimu akasema, "sikuulizi mwamba ukikubali. Nakuuliza usipokubali."

Paschal alichukua kofia yake, akaaga na kutoka.

Fomu ya masista ilidai hati ya mshahara ya mzazi. Mchimbaji mdogo hana hati ya mshahara. Ana mgao, nao huja siku unayokuja. Kitu pekee chenye ushahidi ni daftari la msimamizi wa duara, ambamo kila mgao huandikwa na kila mtu husaini. Mwalimu alikuwa amemwomba Paschal nakala ya kurasa zake. Jumatatu, wakati wa mapumziko, Paschal alikuja peke yake ofisini na kuiweka nakala mezani kifudifudi.

"Mwalimu, mke wangu anajua napata zaidi ya hivi."

Mwalimu aliigeuza. Kwa miezi minane Paschal alikuwa amepata mgao mara tano, na mara mbili kati ya hizo ulikuwa haufiki hata bei ya godoro.

"Atajua leo," Mwalimu akasema kwa upole, "au atajua mwezi wa pili mtoto akirudishwa getini na sanduku. Chagua siku wewe mwenyewe."

Alichagua siku ileile. Aliondoka akaenda sokoni kwenye cherehani, na nilichosimuliwa baadaye na Monika mwenyewe ni hiki: alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akamwambia, "Nilijua toka Pasaka. Nilikuwa nasubiri useme." Kisha wakakaa pamoja kupanga kiasi, kwa mara ya kwanza tangu waanze kusomesha.

Barua waliyoiandika usiku huo haikuzidi ukurasa mmoja. Mwalimu hakuiandika yeye. Alikaa pembeni akiwazuia wasilie sana humo ndani. "Shida zenu ziandikeni mstari mmoja," aliwaambia. "Mistari mingine iwe mnachoweza." Barua ilisema kwamba familia inaweza kulipa laki sita na nusu kwa mwaka, kwa awamu nne, kwa miaka yote minne. Iliambatana na matokeo ya Vaileth, barua ya mtendaji na nakala ya daftari la duara.

Jumatano Mwalimu aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda na Monika mpaka shule ya masista, kwa nauli yake. Walipokelewa na Sista Serafina, aliyekuwa mhasibu na katibu wa kamati ya ufadhili, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Mwalimu amenisimulia mazungumzo yale mara nyingi kiasi kwamba nayajua kwa moyo.

"Mwalimu, tumeshatoa arobaini," Sista alianza. "Wapo ambao hawakupata hata kumi."

"Tunashukuru, Sista, na hatukuja kudharau. Tumekuja kusema ukweli kabla ya Januari, badala ya kuusema mwezi wa tatu mtoto akiwa bwenini."

Sista Serafina aliisoma barua, akarudia.

"Mmetaja kiasi wenyewe. Wazazi wengi huandika wanaomba msaada wowote."

"Msaada wowote kamati haiwezi kuupigia kura, Sista."

Sista alitabasamu kidogo, akamgeukia Monika. "Mama, nimeliona hili daftari la duara. Likikauka kabisa, hizi laki sita na nusu zitatoka wapi?"

"Kwenye cherehani, Sista," Monika akajibu. "Ya mume wangu sijaihesabu humo."

Sista Serafina aliandika kitu pembeni ya barua. Hakuahidi. Alisema kamati itakaa Jumamosi.

Shida ilikuwa hapo. Shule ya vigae ilitaka jibu Ijumaa.

Ijumaa saa tisa alasiri Paschal alisimama mlangoni mwa ofisi yetu, laki mbili zikiwa mfukoni. Alikuwa amepata mgao siku mbili kabla. Alikuwa na saa moja.

"Mwalimu, nikilipa hizi, mtoto ana shule. Nisipolipa, na kesho masista wakikataa, nitamwambia nini Vaileth? Kwamba alikuwa wa kwanza akakosa yote?"

Hapo ndipo niliposikia habari ya Raphael kwa mara ya kwanza. Mwalimu alimsimulia Paschal yote, pamoja na lori na sato. Hakujitetea.

"Mzee yule aliniuliza niweke dole, nikamwambia weka," alimaliza. "Kwa hiyo leo sikuambii ulipe wala usilipe. Nakuambia nilichokisoma, na umekisikia kwenye simu na wewe. Kesho siwezi kukuahidi. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba masista wakikataa, Vaileth atakwenda shule ya kata, na jioni nitamfundisha hesabu mimi mwenyewe. Shule ya kata si adhabu, Baba Vaileth. Adhabu ni kumtoa mtoto mahali ambapo ameshazoea."

Paschal alisimama pale mlangoni mpaka kengele ya saa kumi kasoro robo ikagongwa. Kisha akakifunga kifungo cha mfuko wenye zile laki mbili.

"Kama ni kwenda na kurudi," alisema, "heri asiende." Akaondoka kwa miguu kuelekea sokoni.

Kamati ilikaa Jumamosi. Jumamosi simu haikulia. Jumapili tulimwona Mwalimu kanisani akikosea hata mwitikio wa zaburi. Jumatatu alisahihisha daftari moja mara tatu, na mara ya tatu alimpa mtoto alama mbili zaidi. Nilimwambia angalau apige simu. Akasema, "Fredy, nikiwasumbua watakumbuka usumbufu badala ya mtoto." Lakini kila baada ya dakika aliangalia kama simu ina chaji, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba mwanamke huyu, ambaye wazazi wote wa Buseresere humwona kama jabali, anaogopa kila mwaka, kwa kila barua.

Jumanne saa nne na nusu simu ililia. Alisimama kuipokea, kana kwamba Sista angeweza kumwona. Nilisikia "ndiyo Sista" mara nne. Halafu akaniomba karatasi kwa ishara, akaandika, akanionyesha.

Kamati ilikuwa imepandisha ufadhili kutoka asilimia arobaini mpaka sitini na tano, kwenye kila kitu, kwa miaka minne, mradi mtoto asishuke chini ya wastani uliotajwa. Familia ingelipa laki tano na tisini na tano elfu, kwa awamu nne. Pungufu ya walichoomba! Na Sista Serafina alikuwa ameongeza kwamba barua ya familia ile ilisomwa mbele ya kamati nzima, na mjumbe mmoja akasema angependa wazazi wote waandike hivyo.

Mwalimu Scolastika, ambaye siku zote hutukataza kupiga kelele karibu na madarasa, alipiga kigelegele kilichosikika mpaka barabara ya Biharamulo. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini mbio akidhani kuna nyoka. Alipoambiwa, aliamuru kengele igongwe ingawa haukuwa wakati wake, na shule nzima ikatoka nje bila kujua inashangilia nini, ikashangilia. Vaileth alikuwa sokoni akimsaidia mama yake kuweka vifungo. Mtoto wa Darasa la Tano alitumwa, akakimbia akipaza habari njiani, kwa hiyo soko lilijua kabla yake. Monika alishona sare zile kwa mkono wake, na wanaojua ushonaji wanasema hazikuwahi kupatikana sketi za marinda yaliyonyooka kama yale.

Vaileth alimaliza kidato cha nne mwaka 2021 akiwa na daraja la kwanza, bila kurudishwa nyumbani hata siku moja. Leo yuko chuo kikuu, mwaka wa pili, anasomea upimaji wa ardhi. Paschal aliacha duara mwaka 2020, ananunua na kuuza karanga, na anasema usingizi wake umerudi.

Baada ya kisa hicho 7B haikutosha. Wazazi walianza kuja kutoka Chato mjini, Bukombe, hata Nkome. Mwalimu aliwafundisha kuuliza yaleyale kila mara: punguzo ni la nini, ni la miaka mingapi, linaweza kuondolewa na nani na kwa sababu gani, tarehe ya mwisho ni lini na inaweza kusogezwa, na je, tunaweza kuomba tena. Shule nyingi, aligundua, zilijibu vizuri zikiulizwa vizuri. Zile zilizokasirika kwa kuulizwa zilikuwa zimeshajibu.

Hakuwaelekeza wote bwenini. Mwaka 2019 mtoto mmoja aitwaye Blessing alikuwa na barua yenye maneno matamu na hesabu mbaya. Mwalimu alikaa na bibi yake mchana mzima, wakakubaliana kuikataa. Blessing akaenda shule ya kata, Mwalimu akatimiza na kwake ahadi ileile ya masomo ya jioni, na mtoto akatoka na daraja la kwanza. Bibi yake yuko kwenye orodha ya wageni wa leo, na ameomba dakika tano za kuongea. Kamati imempa kumi, kwa kuwa inamfahamu.

Daftari la Mwalimu lina majina ya watoto mia moja arobaini na watatu waliokwenda shule za bweni kwa ufadhili tangu alipofika hapa. Mia moja thelathini na mmoja kati yao wamemaliza kidato cha nne palepale walipoanzia au wangali wanasoma. Wale kumi na wawili anawajua mmoja mmoja, na ukimuuliza atakueleza alichokosea yeye kwa kila mmoja, hata pale ambapo sisi tunaona hakukosea.

Meza ya Jumamosi inabaki. Mwalimu Epifania wa Darasa la Sita amekaa pembeni yake kwa misimu mitatu na sasa anaishika. Tunamwombea ujasiri, na simu yenye sauti ya nje inayosikika.

Novemba iliyopita ilikuja barua isiyotarajiwa. Sista Serafina, ambaye sasa ndiye mkuu wa shule ile, alimwalika Mwalimu Scolastika kuwa mjumbe wa kamati yao ya ufadhili, ili awasaidie kabla hajaondoka na baada ya kustaafu. Mwalimu aliisoma mpaka ukurasa wa mwisho, kama kawaida yake, ingawa ilikuwa na ukurasa mmoja. Alikubali kwa sharti moja: kila barua itakayotoka katika shule ile iseme, ukurasa wa kwanza na kwa herufi kubwa, mzazi atalipa jumla ya shilingi ngapi kwa mwaka, na kwa miaka mingapi. Kamati ilikubali kabla ya kikao kufika kwenye chai.

Jumamosi ya mwisho ya Desemba, mama mmoja muuza mchele alifika 7B na barua ya aina hiyo, ya kwanza kuonekana hapa kwetu. Mwalimu aliivaa miwani, akasoma. Sisi tulisubiri aombe chaki. Hakuiomba. Alimrudishia mama yule karatasi yake kwa mikono miwili.

"Nenda nyumbani, mama," alimwambia. "Hii imejieleza yenyewe."

Akabaki amekaa, hana cha kufanya, akicheka mwenyewe. Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Mwalimu Scolastika, kwa niaba ya walimu wenzako, wazazi na watoto wa Mwangaza, tunakushukuru kwa kutofungua bahasha haraka na kutofunga mlango mapema. Unarudi Ushirombo kwenye mpunga wako na wajukuu wako. Mvua ikunyeshee kwa kiasi, magunia yajae, magoti yasikusumbue, na simu yako ilie kwa habari njema tu. Ishi siku nyingi, mama yetu, na uzifaidi zote.

Na kwa Kisukuma kile kilichokuchukua miaka miwili, asante: wabeja sana, Mwalimu.